Tik

Tik.
Si mvua kwenye bati la dirisha, si tramu
inayokata kona chini ya ghorofa yetu, hapa Łódź,
ikivitetemesha vijiko kabatini.
Tik, ndani ya sauti yenyewe,
katikati ya selo ya Kalina, pale anapovuta uta taratibu
hadi msikilizaji anasahau kushusha pumzi.
Kama punje ya mchanga kwenye wali.

Nikasikiliza tena. Sekunde kumi na tatu, tik.
Kisha kimya cha dakika nzima, cha kunihadaa.
Kisha mbili kwa mpigo, kama mgeni mwenye adabu anayebisha hodi.

Nilimsingizia Kalina: kucha zako hizo.
Akazinyoosha, zimekatwa hadi kwenye nyama.
Nikausingizia waya, nikanunua mwingine,
zloti themanini, tik.
Nikalisingizia jokofu, nikalizima;
maziwa yakachacha, tik.

Usiku wa tatu nilipiga magoti nyuma ya meza,
kurunzi mdomoni, ndipo nikaona:
kigeuzi kinahesabu kwa saa yake,
kompyuta inahesabu kwa saa yake.
Kila mmoja anaikata sauti vipande
elfu arobaini na nne na mia moja kwa sekunde,
na kila mmoja anaapa kwamba sekunde ni yake.
Wala hawakupishana sana:
kipande kimoja, tuseme, katika laki kadhaa.
Lakini vipande havijui tuseme.
Kinachozidi hukosa pa kukaa, huanguka,
na hapo kilipoanguka ndipo tik.
Mafahali wawili, na zizi lenyewe
ni meza tunayolia chakula.

Kitabu cha maelekezo, cha zamani,
kinataka mmoja awe bwana, mwingine mtumwa.
Nilikifunga.
Mama alifuma vitambaa kiwandani miaka ishirini na tisa
kwa king'ora cha alfajiri;
maneno hayo hayapandi ngazi za kwangu.
Nikachukua kalamu ya wino mzito na vibandiko viwili:
ANAYEHESABU. ANAYESIKILIZA.

Nikavuta waya mmoja, wa saa tu,
usiobeba wimbo, usiobeba chochote
ila sasa, sasa, sasa, sasa.
Mwisho wake nikauvisha kofia ya omu sabini na tano
ili mapigo yakifika yatue,
yasirudi njiani kubishana na wenzao.
Kitaa chekundu kikapepesa. Kikapepesa.
(Nilisahau kuiambia kompyuta iache saa yake.
Nikaiambia.)
Kikawa kijani, kikatulia.

Rekodi nzima: dakika sita na sekunde arobaini.
Selo ilipita kama maji chini ya mlango.
Mtunga mashairi angenielewa: mizani ikitimia
hakuna anayeihesabu tena.

Ludomir alirudi saa kumi na moja na robo,
unga kwenye nyusi, mkate mweusi kwapani, bado moto.
Yeye wa usiku, mimi wa mchana;
mwaka wa nane huu tunapishana mlangoni,
tunaachiana kitanda na joto lake, kama zamu.
Nikamvisha vipokea sauti juu ya kofia ya sufi.
Sikiliza, nikasema, sikiliza pale kwenye tik.
Akasikiliza, macho ameyafumba.
Wapi?
Hapo hapo.
Sisikii kitu.
Nikacheka, nikamwambia ndiyo hiyo sasa,
lakini alikuwa ameshalala, amekaa,
mkate magotini, selo ikimwendelea masikioni.

Saa ya ukutani ilisema na nusu.
Iko mbele dakika saba tangu tuhamie hapa,
na kila mmoja wetu huzitoa hizo saba kichwani mwake
bila kumwambia mwenzake.
Nikapanda kiti, nikaugusa mshale.
Nikashuka.
Nikautoa mkate magotini mwake, polepole,
nikaukata.