Mluzi Haupigwi Usiku

Maabela, Agosti, saa nne za usiku,
digrii thelathini na tisa, na hewa ina jasho lake.
Nimelala chali juu ya katoni la televisheni
chini ya Patrol ya mwaka elfu mbili na tatu,
na mume wangu Sleyum kashika tochi
kama anayemmulikia mwizi:
kila mahali isipokuwa ninapotazama.
"Hapa?"
"Juu. Kushoto kwangu, si kwako."

Tabo imetoka Sharja, imeshatumika,
imefungwa kwa gazeti la Kimalayalam:
konokono wa chuma, mzito kama mtoto wa mwaka.
Niliizungusha feni yake kwa kidole,
ikaenda, ikaenda, ikasimama bila kukwaruza.
Si bikira, lakini mzima.
Manifoldi kaichomelea Shafqat wa sanaiya,
ambaye hakuniuliza mume wangu yuko wapi.
Aliuliza, "Milimita ngapi?"
Mungu ampe pepo kwa swali hilo.

Mchana hukaa na watu waliokosa pumzi.
Nawafunga barakoa, nasoma geji,
nakijua kifua kinachoambiwa vuta, kisivute.
Nikirudi nyumbani nataka kitu kimoja tu
ambacho nikikiongezea hewa
kitashukuru.

Mama katoka na sahani ya mkate wa ufuta.
Kaitazama rejeta iliyoegemea ukuta,
bampa juu ya zulia la wageni,
boliti zangu ndani ya visahani vyake vya kahawa.
"Zuwena, si lilikuwa likienda hili?"
"Likienda, mama."
"Sasa umelifungulia nini?"

Nikamwambia: moshi.
Moshi unaotoka tulikuwa tukiutupa.
Sasa utapita humu, uzungushe feni,
feni ivute hewa, iishindilie ndani,
injini ile sahani mbili badala ya moja.
Mama akafikiri.
"Yaani uchafu wake mwenyewe ndio unaompa nguvu."
"Ndiyo."
"Nawajua watu wa namna hiyo."

Boliti ya tatu ikaniponyoka.
Ting. Ting. Kisha kimya.
Nusu saa tunaitafuta, tumepiga magoti,
mwisho Sleyum akaikuta ndani ya kiatu chake.

Saa nane nikaimiminia tabo oili kooni
kwa sindano ya hospitali (niliinunua),
nikasema bismillahi, nikawasha.

Moshi wa buluu.
Uani kote, juu ya nguo zilizoanikwa,
hadi paka wa jirani akahama ukuta.
Nikazima. Nikarudi kwenye katoni langu.
Ni ile paipu ya kurudishia mafuta: nimeilaza bapa,
mwisho wake hata umepanda kidogo.
Oili inasukumwa kwenda kwa presha,
lakini kurudi haina wa kuisukuma,
inataka mteremko, basi.
Usipoupata hujaa palepale, hutafuta ufa, huungua.

Nilikuwa namweleza Sleyum.
Mama, aliyezaliwa Wete, akaletwa huku
ana miaka kumi na moja
na hana Kiarabu hata cha kuombea maji,
akasema kutoka kwenye ngazi,
"Ndivyo inavyokuwa."
Akaingia ndani kuongeza chai.

Nikakata paipu sentimita nne.
Nikaipa mteremko wake.

Saa kumi kasoro tuko barabarani,
Mama mbele, mkanda kafunga, sahani mapajani.
Nikakanyaga. Sindano ya geji ikapanda,
tatu, tano, sita,
na chini ya boneti ikatoka sauti nyembamba, ndefu,
inayozidi kupanda.
Mama akanishika mkono.
"Mluzi haupigwi usiku. Unaita nyoka."
Nikaachia mafuta. Gari likanyamaza.
Tukapita duka la shawarma, limefungwa,
tukapita msikiti, taa za udhu zinawaka.

"Piga tena," akasema.

Nyuma, Sleyum bado kashika tochi,
hajaizima,
anamulika paa la gari.