Tofali la Tano

Nikinunua ngege Kibuye, sitazami ngege kwanza.
Namtazama jirani wa muuzaji,
yule mama wa omena, jicho moja kwenye mizani yake
na la pili kwenye mizani ya mwenziwe.
Nikimwinua samaki, nikimfunua mashavu,
mama hukohoa.
Mara moja: nunua.
Mara mbili: hebu zunguka kwanza.
Hatujawahi kuandikiana mkataba wa kikohozi hicho.

Duka lile halikuwa na jirani.
Lilikuwa kiganjani mwangu saa tano usiku,
ndani ya kioo chenye ufa, mvua ikitwanga bati la Nyalenda,
nami nimechoka kukodi cherehani ya Dorsila
kwa siku, kwa saa, kwa masimango.

Picha ilikuwa nzuri. Cherehani nyeusi,
maua ya dhahabu shingoni, meza ya mvule,
na bei ikaniita kwa jina langu:
elfu kumi na saba. Imebaki moja tu.
Nikauliza, mko wapi? Wakasema, kote nchini.
Nikauliza, naweza kulipa mzigo ukifika?
Wakasema, dada, mwenzako keshapanga foleni.
Nani asiyemwogopa mwenzake asiyemwona?

Nikatuma. Simu ikanitajia aliyepokea:
jina la mtu, si la duka.
Nikalisoma mara mbili. Likanikwama kooni
kama mwiba wa samaki,
nikalisukuma kwa tonge la matumaini.

Siku ya nne, ofisi ya vifurushi, nyuma ya stendi.
Sanduku zito. Uzito ulinifurahisha, nisiseme uongo.
Nikajitwika hadi nyumbani
nikipiga hesabu za sare za shule.

Matofali.
Matano, ya kuchoma, yameiva vizuri,
kila moja limevishwa gazeti lake kama mtoto wa baridi.
Kuna mtu alikaa akapima.
Hilo ndilo liniumalo kuliko pesa:
alijua cherehani ina uzito gani.

Nikawaandikia. Neno langu likakaa ukutani mwao
dakika mbili, likafutwa.
Nikaandika tena. Wakanifungia.
Kumbe lile lilikuwa duka la mlango mmoja,
wa kuingilia pesa.
Nikairudia picha niliyokuwa nimeihifadhi,
nikaona kilichokuwapo tangu mwanzo:
nyuma ya cherehani, ukutani, tundu la umeme
lenye vishimo viwili vya mviringo.
Kwetu huwa vitatu, vya pembe.
Mama wa omena angekohoa hapo
hadi machozi yamtoke.

Matofali manne nimeyaweka chini ya miguu ya kitanda.
Mafuriko ya Aprili yalipita chini yangu
bila kunilowesha shuka. Nashukuru, nusu.
La tano huzuia mlango, upepo wa ziwa usiubamize.
Kila ajaye kupimwa gauni hujikwaa,
huuliza, nami, pini zikiwa mdomoni, humsimulia.
Wengine huketi. Wengine wana yao:
viatu vya mguu mmoja, simu ya sabuni,
na mmoja, Okelo wa vinyozi, alinunua mbwa
ambaye hadi leo yuko njiani.

Jana alikuja Jentrix, hakuja kushona.
Friji ya soda, nusu bei, imebaki moja.
Tukaikuza picha hadi ikawa chembechembe,
tukatafuta ukutani. Hakuna tundu,
ni pazia tupu, la kijani, lisilosema kitu.
Nikamwambia, waulize jina la mwenye namba.
Waulize kama utawalipa mkononi, friji ikiwa mlangoni,
ikinguruma.

Akauliza.
Tukangoja, mimi, yeye, na tofali.
Simu ikasema: anaandika.
Ikanyamaza.
Ikasema tena: anaandika.

Koo likaanza kuniwasha.