Gurudumu la Kambi

Numbi anashika kamera, mimi nashika mwavuli
juu ya kamera, si juu yake. Mvua ya Novemba
haina adabu, na simu hii bado tunailipia.
Kipindi cha nne. Kwa kile cha kwanza tulikwenda Likasi,
tukapiga picha ya ngazi sita za saruji
zinazopanda hadi pasipo na kitu.
Cha pili Kipushi: bwawa la mashua za kukanyaga,
siku hizi shamba la mihogo.
Cha tatu hatukukimaliza.
Mlinzi alitaka pesa, nasi tulikuwa na nauli tu.

Leo tuko nyumbani, Lubumbashi, nyuma ya kambi,
upande ule ambao moshi wa kiwanda
ulishuka jioni, mama zetu wakakimbia kuanua nguo.
"Sema," Numbi ananiambia. Nasema:
Hapa palikuwa na gurudumu.
Sauti inanitoka kama ya muuza dawa za minyoo.
"Tena." Hapa palikuwa.
Lugha yetu ina wema huo:
kitu kikiondoka, "pa" yake inabaki,
imesimama kwenye nyasi, inangoja.

Baba Kisimba amevaa koti la harusi kwa ajili yetu.
Alikuwa mshika breki. Anapima kwa nyayo,
kisigino mbele ya kidole, kisigino mbele ya kidole:
huku mhimili, huku foleni,
huku Mama Chilufya na kisanduku chake cha tiketi,
aliyejua kila mtoto aliyekwisha kupanda mara mbili.
Viti kumi na viwili.
Mafundi wa karakana walivichomelea Jumapili
kwa mabomba yaliyokataliwa na mgodi,
na beringi ya winchi ya zamani,
ileile iliyowashusha baba zetu shimoni.
Miaka mingi ilishusha watu wazima gizani,
kisha, uzeeni, ikapewa watoto iwapandishe.

"Ukiwa juu kabisa uliona nini?"
"Miye? Sikupandaka hata siku moja.
Nani angeshika breki?"

Mvua inapungua. Numbi anasogea karibu na uso wake.
Nauliza swali ambalo huuliza kila kipindi,
nalo nimelizoea kiasi cha kutolisikia:
lilikwenda wapi?
Anavua kofia. Anaitazama ndani
kama mtu anayesoma bei.
"Miezi kumi na nane bila mushahara.
Batoto balikuwa na njaa.
Nilikata miye mwenyewe, kwa musumeno, usiku tatu.
Lori likanunua kwa kilo."
Kisha, polepole: "Ile mufute, mwanangu."

Taa nyekundu ya simu bado inawaka.
Numbi ananitazama. Namtazama Numbi.
Sekunde ishirini na moja: ndizo zote tulizokuwa nazo
za kweli, katika vipindi vinne.
Tukafuta. Mbele yake, aone kidole.
Ila kuhusu karatasi hakusema neno,
na mimi sikuuliza.

Baadaye akatupeleka kwake, nyumba ya tatu
baada ya kisima. Uani, chini ya bati,
kiti namba saba. Rangi ya samawati
imebaki kwenye maungio tu, pale vidole visipofika.
Mkewe hukaa humo akichambua maharage.
Alihamisha ungo, akanipangusia kwa upindo wa kitenge.
Nikakaa. Magoti yangu yakanigonga kidevu:
kiti kilifanywa kwa mtu wa miaka saba.

Numbi akarekodi. Hakuna kilichozunguka.
Kuku alipita. Redio ya jirani ilitaja bei ya unga.
Lakini Baba Kisimba alikuwa amesimama kando yangu,
mguu wa kulia mbele, na mkono wake wa kushoto,
bila yeye kujua, umekunjwa hewani
juu ya mpini,
ukinishikilia pale juu kidogo zaidi.