Chaki na Mafuta ya Taa

Wengine walikata chuma, wengine walichomelea.
Mimi kazi yangu ilikuwa kutilia shaka.
Upande wa nje wa kiungo napaka chaki iliyokorogwa kwa maji,
nasubiri ikauke, iwe nyeupe kama unga wa muhogo juani;
upande wa ndani napitisha brashi ya mafuta ya taa.
Kisha naketi juu ya ndoo. Naangalia.
Chuma kikiwa kimedanganya, chaki husema:
doa la kijivu, dogo, kama jicho la mukene,
hapo hapo fundi aliposinzia.

Masese, miezi kumi na tisa.
Mkuku ulilazwa siku ya mvua, mataruma yakapanda moja moja
hadi korongo wa jalalani wakaja kutua juu yake
wakidhani tumewajengea.
Injini mbili zilikaa Malaba wiki tano zikingoja muhuri.
Umeme ulikatika, kwetu sisi tunaolala kando ya mabwawa yanayouzalisha,
na Isabirye, msimamizi, akautukana mto mzima kwa Kisoga.
Mto haukujibu. Ulikuwa safarini kwenda Misri.

Kiungo cha kumi na nne nilikikataa mara tatu.
Balikoowa aliyekichomelea alininunia siku nne.
"Dada, hilo doa ni jasho."
Jasho halinuki mafuta ya taa, nikamwambia.
Akarudia. Mara ya nne chaki ilinyamaza.
Tukala chapati moja, nusu kwa nusu, bila kusemezana.

Siku ya kuikabidhi uwanja uligeuzwa harusi:
mahema, viti vilivyofungwa utepe, bendi ya polisi,
padri akanyunyiza, shehe akaomba dua,
mgeni rasmi akafika saa nane badala ya saa nne
akatamka "usalama" hadi hesabu ikanipotea.
Kwenye kibao cha shaba kuna majina matano.
Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuketi juu ya ndoo.

Tenywa, mdogo wangu, alisimama nyuma ya kamba
na wavuvi wenzake wa Wairaka.
Nyavu zake nazijua: macho yake hayapitishi hata kidole gumba.
Naye anajua kwamba najua.
Mwaka jana waliuchoma mtumbwi wake ufukweni;
akakopa, akaunda mwingine, bado analipa.
"Inakimbia vipi?" akaniuliza.
Ningeweza kusema uongo. Nikasema: maili thelathini na tano kwa saa.
Akahesabu kwa vidole: injini yake ya farasi ishirini na tano,
mzigo, upepo wa alfajiri. Akacheka
kicheko cha mtu aliyepata jibu la hesabu asilolitaka.

Kisha kipaza sauti kikajaribiwa:
"Simama! Zima injini! Mikono juu!"
Kiswahili. Kwetu lugha hii ilikuja imevaa buti;
baba alijifunza maneno yake akiwa kifudifudi barabarani.
Mimi nilijifunza mengine karakanani: tindo, bisibisi, pole,
na haya nayaandika kwayo
ili chombo kikisikia, kielewe.

Nikamvuta Tenywa pembeni.
Nikamwonyesha ubavu wa kushoto, mbali na rafadha,
mlango mdogo, karibu na usawa wa maji.
Hapo watapandishia nyavu walizokamata.
Hapo hapo watamvutia mtu anayezama.
"Ukipinduka, usiogelee kwenda nyuma. Njoo hapa.
Hapa nimepapima mimi, mara mbili."
"Na wakinikamata?"
Bendi ilikuwa imeanza tena.

Ikashuka polepole, ng'ombe anayeingia joshoni,
ikayumba, ikakaa sawa.
Watu wakapiga vigelegele. Mimi niliukazia macho mstari wa maji
pale kilipo kiungo cha kumi na nne,
nikitafuta doa.