Kadi ya Ishirini na Moja

Mimi ndiye mtunza kadi wa klabu ya Dunmere:
mashimo tisa katikati ya mashamba ya kanola,
Saskatchewan, ambako upepo hauombi radhi
na penye bendera hapana nyasi, ni mchanga uliopakwa mafuta.
Unasawazisha njia kwa reki kabla ya kusukuma mpira,
kisha unafuta nyayo zako kwa ajili ya anayekuja nyuma.

Kazi yangu ni hesabu.
Mtu hucheza, huandika, mwenzake husaini,
kadi hutumbukia katika kopo la kahawa mlangoni.
Nazipanga ishirini za mwisho,
nachagua nane zilizo bora,
na zile kumi na mbili, za mipira iliyozama bwawani,
za fimbo iliyorushwa hadi kwenye ngano ya jirani,
nazifumbia macho.
Nane hizo ndizo huzaa handikapu.
Sijui mizani nyingine yenye huruma kama hiyo.
Laiti ningempima Garth kwa nane kati ya ishirini,
huenda tungekuwa bado tunakula meza moja.

Haba na haba hujaza kibaba, husemwa;
sisi haba na haba tunakipunguza.
Darrell Fehr ameshuka kutoka thelathini na moja hadi ishirini na sita:
anaingia dukani kifua mbele, ananunua misumari asiyoihitaji
ili aulizwe.
Janelle hupiga mipira mia kila jioni kuelekea ghala la nafaka
mpaka mama yake awashe taa za gari zimmulikie.

Ila Orest Hnatiw tangu Mei hajaleta kadi.
Kucheza anacheza. Tunamwona alfajiri, peke yake,
penseli sikioni,
anaandika, anaikunja, anaitia mfukoni.
Maneno nayo hayana breki:
Anaficha raundi nzuri, handikapu isishuke,
Agosti atubebee kombe.
Huku kwetu mtu akijifanya mbovu
anaogopwa kuliko mwizi wa dizeli.

Nikaenda. Kazi ni kazi.
Nilimkuta bandani akifunga upya mpini wa fimbo namba saba.
Hakubisha. Akanipa kadi kumi na nne:
mia na nne, tisini na tisa, mia na saba.
Hapakuwa na cha kuficha.

“Ile kongwe kuliko zote ulizonazo,” akasema, “iangalie.”

Nilifungua daftari palepale, juu ya pipa.
Tisini na moja. Agosti, mwaka juzi.
Mwandiko wa Lavonne, saba zake zimekatwa kiunoni,
na kando ya shimo la sita, herufi ndogo:
*amecheka*.

“Zake nyingine zilitoka kiangazi kilichopita, moja moja,
nami sikujua. Nilikuwa nashangilia namba.
Hii ndiyo iliyobaki.
Ukiingiza mpya, inatoka.”

“Inatoka kwenye hesabu, Orest. Haitoki duniani.”

Akaendelea kuzungusha utepe kwenye mpini.
“Kwangu,” akasema, “mlango ni uleule.”

Nikaichomoa kadi ya Lavonne kutoka kwenye jalada,
jambo nisiloruhusiwa,
nikaiweka juu ya meza yake ya kazi, kati ya koleo na mkebe wa grisi.
Sikusema kitu. Niliondoka.

Jumanne, kopo la kahawa lilikuwa zito.
Kumi na nne, zimefungwa kwa mpira wa mtungi wa achari.
Nimeziingiza zote. Handikapu yake imepanda
kutoka kumi na tisa hadi ishirini na tatu,
na dukani Darrell alilipa misumari yake kimya.

Bado kulikuwa na jambo moja.
Mstari wa shahidi, kwenye kila kadi, mtupu.
Kadi isiyo na shahidi haihesabiwi;
sheria hiyo niliibandika ukutani kwa mkono wangu.

Nilichukua kalamu.
Mara kumi na nne.