Idara ya Juu

Chini tuliyeyusha plastiki, tukafyatua malori ya watoto;
juu, Isabirye na vijana wanne
walimfundisha nyani kuruka maporomoko kwenye skrini.

Mwaka wa kwanza diski zilifika hadi Gulu.
Bosi akanunua viti vya kuzunguka,
akasema Jinja nzima itatukoma.
Kisha simu za bei nafuu, michezo ya bure,
na mshahara ukaja kijiko kwa kijiko,
kama uji wa mgonjwa.

Viti vimeshushwa.
Naigaga anabandika macho ya wanasesere huku akijizungusha.
Mimi niliyechora mkia wa nyani
nahesabu magurudumu: manne, manne, manne.

Juu, kompyuta moja haijazimwa.
Nyani yuko hewani,
maji chini yake,
anasubiri kidole cha mtu.