Nipeni Ugalla

Tulitoka Ng'ambo giza lingali juu ya mabati,
ndani ya Noa ya shemeji Kaseko,
taa moja ikiona, ya pili ikikonyeza.
Ndoo ya matobolwa, karanga, blanketi moja,
watoto watatu na viatu vitano;
cha sita tuligundua hakipo tulipofika Ndono.

"Kuna simba wangapi?" aliuliza Mihayo.
"Simba hawahesabiwi kama mbuzi," baba yake alimjibu.
"Sasa mmoja akipotea, watajuaje?"
Lugendo akabadili gia. Jibu hakuwa nalo.

Usoke, mabani ya tumbaku yamepoa, msimu umekwisha.
Kalunde akatapika kidogo, kistaarabu,
ndani ya mfuko wa sukari.
Urambo tukanywa chai tumesimama,
kisha tukakata kushoto, lami ikatuaga,
vumbi likaingia bila hodi
likakaa hadi kwenye kope.

Ndipo nikatega, wasije wakang'oana masikio.
"Kitendawili!"
"Tega!"
"Nyumba yangu haina mlango wa kubisha,
walinzi wake elfu, na wote wanaimba."
"Jela!" "Kanisa!" "Shule yetu!"
Kashindye, mwenye miaka mitatu, akasema: "Ndizi."
"Mmeshindwa. Nipeni mji."
"Chukua Nzega."
Sitaki Nzega, nina dada huko, ananidai.
"Kigoma basi, ule migebuka."
Sitaki.
"Dodoma, Mama! Yote, na Bunge lake!"
Sitaki. Nipeni Ugalla.
"Ugalla si mji," alisema Kalunde, mtu wa kanuni.
"Ugalla ni pori."

Nikanyamaza kilomita tatu.

Vitambaa vya buluu na vyeusi mitini.
"Nani kafua nguo huku?"
"Ni mitego ya mbung'o."
Mbung'o wenyewe walipita dirishani,
wakatutoza damu
kabla hatujafika getini kutozwa pesa.

Askari kijana, mpole, mwandiko wa kujivuta:
wakubwa wawili, watoto watatu, gari moja.
"Mmewahi kufika?"
"Hapana," alisema Lugendo.
Mimi nikaikunja risiti mara nne, kama barua.

Baba yangu alikuwa akiingia humu kwa miguu,
Juni, na shoka, kamba ya gome, unga wa mwezi.
Julai anatoka ananuka moshi na nta,
kilindo cha asali begani,
jicho moja limevimba, la pili linacheka.
Mpaka ulipochorwa hakugomba.
Alisema nyuki hawajui kusoma ramani.
Shoka akaliweka juu ya kabati,
na mama hulifuta vumbi kila Ijumaa.

Simba hatukumwona.
Tuliona viboko, yaani pua na masikio;
mamba ambaye Mihayo aliapa ni gogo,
na gogo aliloapa ni mamba.
Akalia kwa hasira. Akasema tumeibiwa.

Wakati wa kurudi Kashindye alibanwa na mkojo.
Nimemshika suruali hapo hapo ubavuni mwa gari,
nikainua macho:
mzinga wa gome kwenye panda ya myombo,
umepasuka, kamba imeoza upande mmoja.
Sisemi ulikuwa wa baba.
Mizinga hufanana, kama migongo ya wazee.
Ila ulikuwa na watu wake.
Lugendo akazima injini.

Kalunde akatoa kichwa dirishani.
"Wanaimba," alisema.
Kisha, polepole, kama anayehesabu chenji:
"Haina mlango wa kubisha…"

Hakuna aliyepiga picha.

Usiku, Usoke kwa mara ya pili,
wote wamelala vinywa wazi,
mshale wa mafuta umelala nao.
"Mama."
"Naam."
"Ule mji wako. Chukua."
Nikachukua, sikusema kitu.
"Lakini kesho," akaongeza,
"tukitafute kiatu cha Kashindye."